Hodi ya Mlango wa Nyuma

Milango niliihesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata kumi na mitatu, mara ya pili kumi na minne. Katika kazi yangu nimezoea kinyume chake: kitu ukikihesabu upya hupungua, hakiongezeki.

Kazi yenyewe ni kununua mbao na milango ya majumba yanayobomolewa au kukarabatiwa, kuanzia Bagamoyo mpaka Kunduchi, na kuwauzia watu wanaojenga nyumba mpya wakitaka zionekane za zamani. Safari hii nilikuwa nimeitwa kwenye nyumba niliyoijua tangu nikiwa mtoto. Wenyewe wanaigeuza nyumba ya wageni, na milango ya mvule ilikuwa itolewe Jumamosi.

"Nilikwambia mama, kumi na minne," alisema msimamizi wa kazi, mtu wa Dar mwenye kofia ngumu ya manjano na simu mbili.

"Huo wa kumi na minne uko wapi?"

"Kule nyuma, umezibwa na saruji. Ila huo hata wewe hutautaka. Mchwa wameula mpaka wakashiba, wakaondoka zao."

"Basi unanipa bure."

"Bure hakuna, mama yangu. Hata mchwa waliufanyia kazi."

Tukasogeza mifuko ya saruji. Nilipouona nilinyamaza, na msimamizi akadhani ni ujanja wa kibiashara, akaanza kushusha bei mwenyewe. Nilimwacha ashuke. Lakini sikuwa nanyamaza kwa ajili ya bei. Huo ndio mlango ambao mama yangu hakuwa ameusogelea tangu akiwa mtoto wa miaka minane.

Nyumba iko kwenye njia ya kwenda Kaole. Imeipa barabara kisogo, uso imeuelekeza baharini. Watu wa kwetu huiita Kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa mkoloni, ijapokuwa Bwana Shauri wa mwisho aliondoka mimi sijazaliwa. Mdachi aliijenga, Mwingereza akaipaka chokaa, sisi tukaigawa. Ukiwa na macho ya mnunuzi, mengine yote utayasoma humo humo ndani. Kwenye dari ya ukumbi wa kulia kuna kulabu mbili za chuma, hapo palining'inia panka, ule ubao mrefu wenye kitambaa, na ukutani kuna tundu la kupitishia kamba. Upande wa pili wa tundu, barazani, sakafu imebonyea mahali pamoja. Mtu alikaa pale kutwa akivuta kamba ili waliomo ndani wapate upepo. Jina lake halijaandikwa popote. Makalio yake yameandikwa. Choo cha juu kina kidirisha kwa nje, cha kutolea ndoo, na aliyeichukua ndoo alikuwa na ngazi yake peke yake, asije akakutana na mtu. Ngazi ya mbele ina vidato kumi na viwili, vipana, unaweza kulala juu ya kimoja. Ya nyuma ina vitatu. Nimevihesabu vyote mara mbili.

Babu mzaa mama alikuwa boi wa mezani katika nyumba ile, enzi za Mwingereza. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, mshipi mwekundu kiunoni, miguu mitupu. Kati ya ukumbi wa kulia na mlango wa nyuma kuna chumba kidogo cha vyombo, na ndani ya chumba hicho alisimama maisha yake yote ya kazi. Sheria ya mezani ilikuwa moja: wakati wa kula huongea kengele. Ikilia, anaingia. Isipolia, yeye ni ukuta. Mjini walimheshimu, maana mtu mwenye shida na Bwana Shauri ilimbidi apite kwake kwanza, na yeye ndiye aliyetumwa kusema Bwana amelala. Alisema hivyo hata pale Bwana alipokuwa anacheka kwa sauti ghorofani. Mwenye shida angefanya nini? Alisema haya basi, akaenda zake.

Mimi nilimjua babu akiwa mzee. Ulikuwa umeshapita Uhuru miaka mingi, na ndani zilikaa familia nne za maofisa wadogo. Ukumbi wa kulia ulikatwa katikati kwa plaiwudi ukawa makazi ya watu wawili: karani wa mahakama upande huu, bwana afya upande ule. Kwenye roshani ya Bwana Shauri zilianikwa kanga na nepi. Barazani kulikuwa na majiko ya mkaa manne, na mbuzi mmoja ambaye kila familia ilisema si wake mpaka Idi ikaribie. Babu aliachiwa chumba chake cha zamani mwisho wa uani. Hakuna aliyemwajiri na hakuna aliyemfukuza. Alifagia tu.

Kila Ijumaa mama alinituma nimpelekee chakula. Tulitoka naye Kaole tukitembea, na tulipofika minazi ya mwisho kabla ya uzio yeye alisimama.

"Mpe shikamoo yangu," aliniambia.

Nilikwenda, nikampa babu bakuli na shikamoo. "Marahaba," alijibu babu. "Mwambie marahaba." Nikarudisha marahaba mpaka kwenye minazi. Kwa miaka yote niliyowajua wote wawili, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya baba na binti yake. Nilidhani ni kawaida. Mtoto hudhani kila kitu cha kwao ni kawaida.

Rafiki yangu alikuwa binti wa karani, na Ijumaa moja nilikaribishwa chakula kwao, mama akatangulia nyumbani. Tulikuwa tumekaa mkekani, chini ya zile kulabu mbili, nina tonge mkononi, nikasikia mtu anabisha mlango wa nyuma.

"Hodi."

Sauti ya mtoto wa kike. Nyembamba, ya adabu, kama ya mtoto aliyefundishwa vizuri chuo cha Kurani. Nikafungua kinywa niitikie, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Mama wa rafiki yangu akanifunga mdomo kwa kiganja chenye tui.

"Hodi," ikasema sauti.

"Usiitike," akaninong'oneza. "Hodi ya adhuhuri ya mlango huo haiitikiwi. Si mtu."

"Hodi."

Kisha kimya, na baada ya kimya, nyayo ndogo zikishuka vidato vitatu.

"Jini lenye adabu hili," alisema karani, akiendelea kuchambua samaki wake. "Linabisha mara tatu, likikosa jibu linakwenda zake. Kuna watu mjini hapa hawana hata hilo."

Walikwisha kumwita mwalimu akasoma, wakapewa kombe, maji yaliyooshewa aya, wakanyunyiza. Hodi ikaendelea, si kila siku, lakini ikija ilikuja saa ile ile. Wakaamua kuizoea kama mtu anavyozoea paa linalovuja. Kilichotuchekesha watoto kilikuwa kingine. Babu, ambaye kila adhuhuri alikuja kukaa juu ya ndoo ndani ya kile chumba cha vyombo, aliitikia, kila mara nyayo zikiwa zimeshashuka. Tulimsikia akiinuka, viungo vikilia.

"Karibu! Karibu mwanangu, karibu, sukuma tu, mlango uko wazi!"

Akaufungua mwenyewe. Nje lilikuwa jua tu. Akasimama pale akilitazama, na sisi nyuma ya plaiwudi tukajibana mbavu kwa kicheko. Uzee, walisema wakubwa. Mama sikumwambia. Mtu hapeleki umbea wa namna hiyo kwa mama yake kuhusu baba yake. Na baadaye babu akafa, familia zikahamishwa, nyumba ikawa ghala la magunia ya korosho, halafu ikawa ya popo.

Siku ile nilipotoka kukubaliana milango nilipitia Kaole. Mama alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Ana miaka themanini na ushei, macho yamepungua, lakini vidole bado vinaona. Nikamwamkia, nikamwambia kazi niliyopata na wapi.

Vidole vikasimama.

"Na wa nyuma umo?"

"Umo. Ila mbovu, una mchwa."

"Hata mimi ninao," alisema mama. Akasuka kidogo, akafumua alichosuka. Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu anayekutajia vitu vya kununua sokoni asije akasahau kimoja.

Ilikuwa Ijumaa. Bibi yangu alikuwa na uchungu wa kujifungua, katika kile chumba cha mwisho wa uani, na uchungu haukuwa unakwenda unavyopaswa. Mkunga alikuwa Makurunge msibani. Gari lilikuwa moja tu, la Bwana Shauri, na mtu pekee wa kuliombea gari alikuwa babu. Bibi akamtuma binti yake: kamwite baba yako. Mtoto akakimbia mpaka mlango wa nyuma. Mpishi alikuwa amekwenda kusali, jikoni hakuna mtu. Ndani Bwana alikuwa na mgeni mezani.

"Nikabisha," alisema mama. "Hodi. Hodi. Hodi. Kimya. Mwalimu wa chuo alitufundisha hodi ni tatu, usipojibiwa rudi, usiwe mtu wa kuchungulia nyumba za watu. Wenzangu walichapwa kwa hilo. Mimi sikuwahi kuchapwa. Mimi nilikuwa hodari wa adabu." Akakaza ukili. "Mlango haukuwa hata umefungwa. Ulikuwa umerudishiwa tu. Ningeusukuma kwa kidole. Nikarudi."

"Ukamwambia nini bibi?"

"Kwamba sikujibiwa. Akasema basi njoo unishike mkono."

Babu alikuja alasiri na bakuli la mabaki ya mezani limefunikwa sahani. Akawakuta wawili wamekwisha kwenda, bibi na mtoto aliyekuwa akizaliwa, na wa tatu, mama yangu, amekaa amemshika bibi mkono. Alichosema kilikuwa neno moja: sikusikia. Alilisema siku ile, akalisema siku ya arobaini, akalisema alipompeleka binti yake Kaole kukaa kwa shangazi. Mama hakumjibu hata mara moja, na hakurudi tena pale.

"Maisha yangu yote nimejiuliza jambo moja," alisema. "Kama hakusikia, basi kosa ni langu, nilibisha kwa sauti ndogo. Kama alisikia..." Hakumaliza. "Kabla hujaung'oa, nipeleke nikabishe. Wewe uwe ndani, uitike. Nataka kuitikiwa tu. Mzee mzima nitakufa na hodi tatu mdomoni?"

Nimezoea mtu akiniomba kitu nimpunguzie. Hapo sikuwa na la kupunguza. Wala sikumwambia kuhusu jini lenye adabu. Utamwambiaje mtu kwamba sauti yake imekaa katika nyumba ya watu miaka yote hiyo, ikibisha, na yeye mwenyewe yu hai barazani Kaole anasuka mkeka?

Ijumaa tukaenda kwa bajaji. Mafundi walikuwa wameondoka kwenda msikitini, msimamizi alikuwa anakula wali wake chini ya kivuli cha lori, akatupungia kijiko. Mama alivaa buibui lake jema na kandambili mpya. Nikataka kumpitisha mbele, kwenye vidato kumi na viwili, nikamwambia leo hakuna wa kutuzuia, pita kama gavana.

"Nilijia huku," alisema, akazunguka nyuma.

Nikamwacha chini ya vidato vitatu, nikazunguka, nikapitia ukumbini. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Akisema hodi ya kwanza tu naitikia, kubwa, ya furaha, nafungua, tunakwenda nyumbani tunakula. Nikaingia chumba cha vyombo, nikasimama alipokuwa akisimama babu. Utapajua tu. Ukutani kuna alama ya mafuta ya bega.

Kwanza nikasikia kandambili zikikanyaga changarawe, kana kwamba anakanyagia sikioni mwangu. Nikasikia buibui likigusa ukuta. Nikamsikia akipumua baada ya kila kidato, moja, mbili, tatu, na akisafisha koo, taratibu, kama anayeogopa kusumbua. Chumba kile ni chembamba, dari yake ndefu, na mlango ule hata ukiwa umerudishiwa hauzuii kitu. Ndiyo maana walimweka boi pale, asikie. Asikie kengele upande huu, asikie jikoni upande ule. Kilijengwa kwa ajili ya masikio ya mtu.

"Hodi," alisema mama.

Na mimi, ambaye ulimi wangu ndio unaonilisha, nikanyamaza. Sikukusudia. Nilikuwa nimeelewa. Alisikia. Babu alisikia hodi, na kabla ya hodi alisikia miguu ya mwanawe ikikimbia juu ya changarawe. Akatazama upande wa kengele.

"Hodi," alisema tena, na sasa sauti ilikuwa imepungua, imekuwa nyembamba. Niliijua. Nilikuwa nimeisikia nikiwa na tonge mkononi na kiganja chenye tui mdomoni, na siku ile pia sikuitika.

"Hodi."

Nikasikia kandambili ikigeuka.

"Karibu!" nikasema. Ilitoka vibaya, ya kukwaruza, haikufanana na sauti yangu. "Karibu, sukuma tu, mlango uko wazi."

Akausukuma kwa kidole kimoja. Ukafunguka wenyewe mpaka ukutani, pamoja na mchwa wake wote. Mama akasimama kizingitini, jua likiwa nyuma yake. Hakunitazama mimi. Alitazama ile alama ya bega.

"Umesikia ya ngapi?" aliuliza.

Nimedanganya wanunuzi, wauzaji, madalali na afisa mmoja wa misitu. Nikasema, "Ya tatu."

"Hizo mbili?"

"Sikuzisikia."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Mjukuu wake kweli wewe," alisema. Akapapasa ukuta mpaka akapata rafu ya saruji ya kuwekea sinia, akakaa. "Basi alisikia."

Baadaye akainuka, akapita ukumbini, akaniuliza meza ilikuwa wapi. Nikamwonyesha chini ya kulabu. Akaniambia nipime hatua kutoka hapo hadi mlango wa nyuma. Nikapima. Kumi na moja. Akasema rudia. Kumi na moja.

"Hatua kumi na moja," alisema mama.

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimweleza yote, hodi ya adhuhuri, kombe, karani na samaki wake, na babu juu ya ndoo, alivyoinuka kila mara na magoti yake mabovu akaitikia, karibu mwanangu, sukuma tu, na jua alilolifungulia mlango, na sisi tulivyocheka.

"Kila siku?"

"Kila ilipokuja. Kwa miaka."

"Na wewe ulikuwa unaniletea marahaba tu."

"Ndiyo niliyotumwa, mama."

Alinitazama, na sikujua kama nitapigwa au la. Kwa umri wangu, bado naogopa. Kisha akafunga buibui. "Tangu lini?" aliuliza. "Alianza lini kuitika?"

Sikujua. Wenye kujua wamekufa.

Aliondoka kwa mlango ule ule, vidato vitatu, mimi nimemshika mkono. Bajaji ikafika minazi ya mwisho. Hapo akamwambia dereva asimame kidogo. Akageuza uso kuelekea uani, ambako kile chumba cha mwisho hakipo tena, kimebaki kipande cha ukuta na mpapai, akasema, si kwa sauti kubwa: "Shikamoo, baba." Akangoja. Dereva alinitazama kwenye kioo, nikamtazama nikimwomba anyamaze. Mama akasema haya, twende.

Jumamosi nikaja na gari nikachukua milango. Msimamizi alicheka aliponiona nimeanza na ule mbovu. "Mama, unabeba chakula cha mchwa unaacha mvule!" Nikamwambia mvule nitarudi kuufuata, huu hauwezi kungoja. Nikamuuliza mama kama nimpelekee Kaole. "Kwangu usiulete," alisema. "Nimeshaingia."

Kwa hiyo umesimama katika banda langu, umeegemezwa ukuta wa nyuma. Ile kumi na mitatu imekwisha kuuzwa, mingine ipo Mbweni kwenye nyumba za watu wenye majenereta. Wateja huuona huo nao wakauliza bei, mteja ni mteja, na mimi nasema umeuzwa. Wanarudi mwaka mwingine, bado umeuzwa.

Siku hizi mtu akibisha kwangu naitikia hodi ya kwanza. Nikiwa nakula naitikia mdomo umejaa, na wafanyakazi wangu wananicheka nyuma ya mbao, nawasikia. Hasa saa saba saa nane, jua likiwa kali na barabara haina mtu. Naitikia kwanza, halafu ndipo naangalia kama kuna aliyesimama. Jioni nikifunga banda nahesabu waliokuja, na nahesabu karibu nilizotoa. Karibu huzidi, siku nyingine kwa moja, siku nyingine kwa mbili. Nimehesabu tena, na bado zimezidi.